Mawe ya Vimy na Mikono Iliyoyachonga

Alfajiri ya Jumatatu ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 1917, divisheni zote nne za jeshi la Kanada zilipanda kwa pamoja, kwa mara ya kwanza, mteremko wa Vimy kaskazini mwa Ufaransa. Mvua iliyochanganyika na theluji ilikuwa ikiwapiga mgongoni. Kufikia tarehe 12 kilima chote kilikuwa mikononi mwao, na 3,598 kati yao walikuwa wamekufa. Mapigano yale yalichukua siku nne. Kazi ya kujenga mnara wa kuwakumbuka, juu ya kilele ambacho ramani za kijeshi zilikiita Kilima 145, ilichukua miaka 11. Hiyo miaka 11 ndiyo ninayotaka kuizungumzia, maana wanaoandika kuhusu Vimy huandika zaidi juu ya majenerali na mizinga, na wachache hukaa kitako wakawatazama mafundi.

Aliyeubuni mnara huo ni Walter Seymour Allward, mzaliwa wa Toronto wa mwaka 1874, mtoto wa seremala. Ujana wake aliutumia palepale mjini kwao, na kwa muda alifinyanga mapambo ya udongo katika kiwanda cha matofali cha bonde la mto Don. Kabla ya Vimy alikuwa tayari amesimamisha sanamu kadhaa za heshima nchini mwake, mojawapo ya wanajeshi wa Kanada waliokufa katika vita vya Afrika Kusini. Kwa hiyo mwaka 1921, mchoro wake ulipochaguliwa kati ya michoro 160 iliyoshindanishwa, kazi iliangukia mikononi mwa mtu aliyeijua tabia ya udongo, ya shaba na ya jiwe kwa kuvishika.

Jambo la kwanza alilolifanya ni kutafuta jiwe, na alilitafuta kwa takriban miaka miwili. Alitaka jiwe la rangi moja, jeupe lenye joto kidogo ndani yake, lisiloonekana la kijivu siku ya mawingu, na kaskazini mwa Ufaransa siku za mawingu ni nyingi. Alitaka pia jiwe ambalo baridi na mvua havitalimumunya. Hatimaye alilipata Seget, kwenye pwani ya Dalmatia, katika nchi ambayo leo ni Kroatia. Ni machimbo ya tangu enzi za Warumi. Jiwe la eneo hilo ndilo lililojenga kasri la Mfalme Diocletian mjini Split, na kasri lile bado limesimama hadi leo. Fundi anayechagua jiwe hana mtihani bora wa kulipima kuliko huo. Anaweza kuambiwa mengi na wauzaji, lakini ukuta uliopigwa na upepo wa bahari kwa miaka zaidi ya 1,600 hausemi uongo.

Uchaguzi huo uliigharimu kazi muda mwingi. Ujenzi ulianza mwaka 1925, lakini shehena ya kwanza ya mawe ilifika mwaka 1927, na yale mapande makubwa yaliyokusudiwa kuchongwa sanamu za watu hayakufika hadi 1931. Wapo waliolalamika. Serikali ilikuwa ikilipa, wazazi wa waliokufa walikuwa wakizeeka, na Allward hakukubali jiwe lingine. Mimi nadhani alikuwa sahihi. Mnara wa aina hii hujengwa kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa, na hao hawatauliza kwa nini ulichelewa.

Wakati wa kungoja, mhandisi mkuu wa Kanada pale kilimani, Meja Unwin Simson, aliona kwamba mahandaki ya vita yalikuwa yakibomoka na kufukiwa. Alianza kuyahifadhi. Mifuko ya mchanga iliyojenga kuta za mahandaki ilikuwa ikioza, kwa hiyo vibarua waliijenga upya kwa zege, mfuko mmoja mmoja, kwa umbo lilelile. Sehemu ya njia ya chini ya ardhi iitwayo Grange ilichimbuliwa na kutiwa taa za umeme. Mgeni anayetembea leo kati ya kuta hizo za mifuko ya zege anatembea ndani ya kazi iliyofanywa kwa sababu meli ya mawe ilichelewa.

Msingi wenyewe ulimeza tani 11,000 za zege na mamia ya tani za chuma, katika udongo uliojaa makombora ambayo hayakuwa yamelipuka. Juu yake ziliinuka nguzo mbili pana, moja kwa ajili ya Kanada na nyingine kwa ajili ya Ufaransa, zenye kimo cha mita 27 kutoka kwenye jukwaa lake. Mawe ya Seget yaliyotumika yanakaribia tani 6,000.

Kisha ndipo wachongaji walipoingia. Sanamu za watu ni 20, na kila moja ina ukubwa wa karibu mara mbili ya binadamu. Allward hakuzichonga mwenyewe kwenye jiwe. Katika karakana yake mjini London alizifinyanga kwanza, akatoa sanamu za plasta zenye nusu ya ukubwa uliokusudiwa. Plasta hizo zilipelekwa kilimani, na wachongaji wakazihamishia kwenye jiwe kwa msaada wa chombo kiitwacho pantografu. Mkono mmoja wa chombo hicho hugusa nukta kwenye plasta, tuseme ncha ya bega, na mkono wa pili huonyesha mahali nukta hiyo itakapokaa kwenye jiwe, ukubwa ukiwa umeongezwa mara mbili. Mchongaji huondoa jiwe hadi afikie karibu na hapo, kisha huhamia nukta nyingine, na nyingine tena, hadi mwili wote uwe umezungukwa na alama.

Mtu akisikia habari za chombo hicho anaweza kudhani kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Sivyo. Chombo hukupa nukta, lakini kati ya nukta na nukta kuna ngozi, na ngozi hiyo ni ya mchongaji. Kosa dogo kwenye plasta huwa kubwa maradufu kwenye jiwe. Na jiwe halirudishwi: kilichoondolewa na patasi kimekwenda. Ndiyo maana mchongaji mzuri huacha unene kidogo juu ya uso anaoutafuta, akaukaribia kwa patasi nyembamba zaidi na zaidi, na mapigo mepesi zaidi na zaidi. Fundi wa milango ya Lamu angeuelewa moyo huo mara moja, ingawa yeye ubao ukiharibika hutafuta mwingine. Pale Vimy mapande ya mawe yalikuwa yameshajengwa mahali pake, mengine juu kabisa kwenye nguzo, na wachongaji walifanya kazi palepale, mwaka mzima, ndani ya vibanda vya muda vilivyojengwa kuizunguka kila sanamu. Pale juu pana upepo mkali. Walichonga hivyohivyo, majira ya baridi na ya joto.

Kati ya hizo 20 ipo moja inayonifanya nirudi kutazama picha zake kila mara. Wakanada humwita Mama Kanada, taifa changa linaloomboleza watoto wake. Amechongwa kutoka pande moja la jiwe la tani 30, kubwa kuliko mengine yote ya mnara. Amesimama peke yake ukingoni mwa ukuta wa mbele, amejitanda vazi zito kichwani, kidevu amekilaza mkononi, anatazama chini. Chini ya ukuta kuna jeneza la jiwe, na juu yake kofia ya chuma na upanga. Mbele yake kuna tambarare ya Douai hadi macho yaishie.

Tazama jinsi vazi lile lilivyochongwa. Mikunjo yake ni michache na mirefu, inashuka wima kama vile kitambaa chenyewe kimechoka. Mchongaji asiye na subira angeongeza mikunjo, maana mikunjo mingi huonyesha ujuzi na humpendeza mtazamaji. Huyu alijizuia. Alipokata kwa kina ni pale kichwani, chini ya ukingo wa vazi, ili uso ubaki kivulini. Kwa hiyo huzuni yake haitangazwi na mdomo wala machozi. Inatoka kwenye pembe ya shingo na uzito wa kichwa. Nimeona sanamu nyingi za wanawake wanaolia kwenye makaburi ya vita, na nyingi zinaigiza. Huyu haigizi.

Upande wa pili wa mnara, kwenye ngazi, kuna wazazi wawili, mama upande huu na baba upande ule, kila mmoja akiomboleza kivyake. Sehemu nyingine kuna kundi la watu wanaovunja upanga. Kati ya nguzo mbili kijana anayekufa anakabidhi mwenge kwa mwenzake. Jenerali hayumo, farasi hayumo, adui aliyelala chini ya kiatu hayumo. Nchi iliyokuwa imeshinda mapigano yake makubwa ilimpa fundi fedha za kutosha, naye akachonga maombolezo.

Halafu yako majina. Kwenye kuta za nje za jukwaa yameandikwa majina 11,285 ya wanajeshi wa Kanada waliouawa Ufaransa na ambao makaburi yao hayajulikani. Desturi ya kumbukumbu nyingi za Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa kuyapanga majina katika safu, kikosi baada ya kikosi, na nafasi tupu kati yake. Allward hakuitaka sura hiyo ya daftari. Alibuni herufi zake mwenyewe na akayapanga majina kwa alfabeti katika mikanda mirefu inayoendelea, bila kituo, kuzunguka ukuta. Mstari unapofika mwisho wa jiwe moja haukatwi. Unavuka kiungo na kuingia jiwe linalofuata. Yapo majina ambayo nusu yake iko kwenye jiwe hili na nusu kwenye jiwe lile.

Kwa mwashi huo ni mtihani mgumu. Herufi ikiandikwa katikati ya jiwe, mawe mawili yanaweza kupishana kidogo na hakuna atakayeona. Herufi ikivuka kiungo, kila kasoro ya kiungo itaonekana kwenye jina la mtoto wa mtu. Kwa hiyo mawe yalipaswa kukaa sawasawa kabisa. Na matokeo yake ni kwamba ukuta hauonekani kama mbao nyingi za matangazo zilizopangwa pamoja. Majina yamekuwa kitu kimoja, na cheo hakimpi mtu nafasi ya juu. William Johnstone Milne, mzaliwa wa Uskoti aliyekuwa kibarua wa shamba huko Saskatchewan, alitambaa na mabomu ya mkono na kunyamazisha bunduki za mashine asubuhi ile ya tarehe 9 Aprili, akauawa siku hiyohiyo, akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Yeye naye yumo ukutani kwa herufi M, miongoni mwa wengine, mahali ilipompeleka alfabeti.

Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuusoma ukuta huo bila kuwakumbuka wa kwetu. Vita hivyohivyo vilichukua wapagazi wengi mno kutoka Kenya, Tanganyika na nchi za jirani. Sanamu za askari na wapagazi zipo Nairobi na Dar es Salaam, zilizosimamishwa miaka ya 1920, na ni kazi nzuri za mkono, lakini hazina majina ya watu. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba mamia ya maelfu ya Waafrika na Waasia waliokufa katika vita hivyo huenda hawakuandikwa popote kwa majina. Naliandika hili kwa uchungu, na pia kwa sababu linaonyesha uzito wa kazi iliyofanyika Vimy. Jina halifiki ukutani lenyewe. Lazima karani alitunze, mtu alipe, na fundi aone kwamba herufi zake zinastahili siku nzima ya kazi.

Mfalme Edward VIII aliuzindua mnara tarehe 26 Julai 1936, mbele ya maelfu ya Wakanada waliovuka bahari. Allward hakupata tena kazi kubwa kama hiyo. Alifariki Toronto mwaka 1955. Plasta zake 17 sasa ziko kwenye Jumba la Makumbusho ya Vita mjini Ottawa, na anayeishi karibu na hapo anaweza kuziona kwa ukaribu ambao nguzo za Vimy haziruhusu.

Lakini jiwe la Seget peke yake halikutosha. Allward alitumia mbinu iliyokuwa mpya kiasi wakati ule, ya kuvika mawe juu ya kiunzi cha zege, na zege na jiwe havitanuki wala kusinyaa kwa namna moja. Maji yaliingia kwenye viungo, yakayeyusha chokaa ya ndani, na chokaa ikatoka nje na kugandamana juu ya majina. Mwanzoni mwa karne hii mengine yalikuwa hayasomeki tena. Viungo vilevile vilivyovukwa na herufi ndivyo vilivyokuwa mlango wa maji.

Ukarabati ulikamilika mwaka 2007, na Malkia Elizabeth II akauzindua tena mnara tarehe 9 Aprili, miaka 90 baada ya mapigano. Mawe ya kubadilisha yaliletwa kutoka Seget, ili rangi isitofautiane. Njia za maji zilitengenezwa upya. Mafundi wangeweza kurahisisha kazi yao kwa kuyafungia majina ndani ya jiwe moja moja, mbali na viungo. Hawakufanya hivyo. Waliyaandika upya kwa herufi za Allward, katika mikanda yake ileile, na mstari ulipofika kwenye kiungo waliuvusha.