"Sakura Sakura" inaishia kwenye mi

Mwanakwaya yeyote wa Dar es Salaam aliyelelewa kwenye d, r, m ataikamata "Sakura Sakura" upesi. Sauti zake ni tano tu: la, ti, do, mi na fa. Re na so hazimo kabisa. Vipimo 14 vya mapigo manne manne, umemaliza. Kazi ipo kwenye kuutungia variesheni, yaani kuupiga wimbo uleule kila mara na vazi jipya.

Wimbo huu wa Kijapani ni wa enzi za Edo. Ulichapishwa Tokyo mwaka 1888 katika kitabu cha wanaoanza kujifunza koto, kinanda cha nyuzi 13. Puccini aliuchomeka kwenye opera yake "Madama Butterfly" ya 1904, Michio Miyagi akautungia variesheni za koto mwaka 1923, na baadaye Kozaburo Hirai akauandikia fantasia ya piano.

Kinachomkwaza mpiga piano ni mwisho. Wimbo hautui kwenye la, unatua kwenye mi. Sikio letu la kwaya likisikia la, ti, do linadhani ni maina, na linasubiri kurudishwa la. Mwenye haraka atatia kodi ya mi (kodi ya muziki, siyo ya TRA) yenye se ndani yake, kisha atafunga kwa la. Hiyo se, so iliyopandishwa, haipo kwenye wimbo. Ukiigusa tu, Japani imeondoka na umebaki na wimbo wa maziko wa Kizungu.

Dawa ninayoiamini ni kuivua kodi nyama yake. Mkono wa kushoto ushike mi na ti tupu, au la na mi, na besi ya mi isikike tangu mwanzo. Wimbo ukifika mwisho unamkuta mwenyeji amekaa mlangoni siku zote. Ukishaweka nguzo hiyo, mengine yote chezea utakavyo: hamishia sauti kuu kushoto, kata mapigo, ongeza mbio.

Kuiga koto ndiko kunakoumbua wengi. Mpiga koto akiburuta kidole juu ya nyuzi hapati sauti ngeni, kwa sababu nyuzi zote zimefungwa kwenye zile tano. Buruta kidole kwenye vitufe vyeupe vya piano, re na so zinajipenyeza. Hamia vyeusi: ni vitano kweli, ila havina zile hatua finyu za ti kwenda do na mi kwenda fa, ambazo ndizo machozi ya wimbo. Hakuna njia ya mkato. Vitufe vya zile sauti tano utavibonyeza kimoja kimoja, upesi, mguu ukiwa kwenye pedali.

Nimeyajaribu haya barazani kwangu Kimbiji, kwa kinanda cha betri chenye vitufe 61. Nje watoto walikuwa wanacheza Ukuti, wameshikana mikono duarani. Mchezo wao nao haufungwi kwa kodi. Unafungwa kwa miili kutikisika, na hakuna anayeuliza kama umekwisha. Variesheni yangu ya mwisho nimeiacha hivyo: mi peke yake, oktavu mbili, kimya. Jirani aliyekuwa anashona wavu akainua kichwa.

"Mwalimu, mbona hujamalizia?"