Mzimu Usioazimwa: Filamu, Hadithi ya Kutisha na Nchi ya Kapseret

Mwandishi wa hadithi fupi anayechukua filamu kuwa chanzo cha utungo wake hukabiliwa na kishawishi kikubwa. Filamu imekwisha kumpa ukungu, mlango unaolia, kivuli ukutani na uso wa marehemu. Hudhani kazi iliyobaki ni kuvitia katika maneno. Hapo ndipo hadithi inapokufa. Msomaji ambaye hakuiona filamu haogopi, na yule aliyeiona hukumbuka tu kwamba aliwahi kuogopa mahali pengine. Wasimulizi wa mabanda ya video, kama Lufufu wa Dar es Salaam aliyeisimulia Karishika ya Nigeria kwa Kiswahili, wana nafuu ambayo mwandishi hana: picha iko mbele ya wasikilizaji wao. Mwandishi ana sentensi peke yake.

Fasihi ya Kigothi, tangu Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto mwaka 1764, imeishi kwa kuazima, na si kila kuazima ni kutunga. F. W. Murnau alipotengeneza Nosferatu, iliyotoka 1922, kisa kilichukuliwa kutoka Dracula ya Bram Stoker (1897) bila idhini ya mjane wake. Majina yalibadilishwa, kisa kikabaki. Mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala ziteketezwe. Kwa upande wa Kiswahili mfano bora zaidi ni wa Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960, iliazima umbo la hadithi ya upelelezi ya Kiingereza, na hata kiko cha mpelelezi, lakini mzimu wenyewe haukuazimwa. Ni wa Unguja, na hofu yake ni hofu ya watu wa Unguja.

Filamu ya Kenya inayoweza kumfaa mtunzi leo ni Kati Kati ya Mbithi Masya, iliyopata tuzo ya wahakiki wa kimataifa katika tamasha la Toronto mwaka 2016. Kaleche, mwanamke kijana, anajikuta nyikani, hakumbuki chochote. Anafika kwenye nyumba za wageni na kuelezwa kwamba amekwisha kufa. Wenyeji wake nao ni wafu, na hawaondoki mpaka wayakabili waliyoyaacha duniani. Hakuna ngome, wala hofu yake haitegemei giza. Mtunzi akichukua nyumba hizo na wakazi wake, ameiba. Akichukua swali lililo chini yake, yaani maiti hukataa kukumbuka nini, hajaiba kitu, maana swali halina mwenyewe.

Swali hilo likipelekwa Kapseret, kando ya mji wa Eldoret, hupata makao mara moja. Nchi hii ya nyanda za juu ina ukungu wa alfajiri, msitu, na mashamba ya mahindi yaliyo karibu na uwanja wa ndege. Makaburu waliingia Uasin Gishu mwaka 1908, na yamkini mtunzi asiye na subira ataikimbilia nyumba ya mawe ya mlowezi, na mzuka wa Kizungu ndani yake. Hiyo ni njia rahisi, kwa kuwa dhambi ya nyumba hiyo ni ya mtu aliyekwisha kwenda zake. Rahisi vilevile ni kumwita Chemosit, zimwi la Wanandi ambaye A. C. Hollis alimweleza mwaka 1909: nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, kinywa chekundu kinachong'aa usiku. Chemosit akiletwa kuwa pambo, atakuwa ngome ya Otranto iliyovikwa ngozi.

Nyumba inayotisha zaidi ni changa kuliko hizo. Tarehe 1 Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kanisa la Kiambaa viungani mwa Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Nyumba nyingi za Uasin Gishu zilichomwa siku hizo. Sikiliza sarufi ya habari hizo. "Walichoma nyumba." "Nyumba ilichomwa." "Nyumba iliungua." Moto ni mmoja, lakini mtendaji anarudi nyuma hatua kwa hatua: kwanza yumo katika kiambishi, halafu amefichwa na kauli ya kutendwa, ambayo ingeweza kumtaja kwa "na" lakini haimtaji, mwishowe hayumo kabisa. Hakuna kamera iwezayo kufanya hivyo, kwa sababu kamera ikionyesha mkono wenye kiberiti imekwisha kumtaja mwenye mkono, na isipouonyesha, mtazamaji hajui kama kuna aliyefichwa. Mzimu wa Kapseret umo katika ile "na" isiyotamkwa.

Ngeli nazo ni chombo cha hofu ambacho watunzi wetu wamekipuuza. Kiswahili humpa kiumbe hai upatanisho wa a-, hata jina lake likiwa la ngeli nyingine, nacho humwondolea anapotaka kumtenga na watu. Methali husema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hapo zimwi halipewi a-. Kwa kawaida methali hiyo hutajwa kuliwaza: afadhali adui unayemjua. Mwaka 2008 wako waliokimbia majirani waliowajua kwa majina, na faraja yote ya methali ikageuka.

Huenda ikaulizwa kama ni halali kufanya burudani ya hofu mahali ambapo watu wangali wanaomboleza. Pingamizi hilo lina uzito, na kwa hadithi itakayoonyesha maiti zilizoungua ni hukumu ya haki. Lakini fikiria hadithi ya mwanamke anayerudi kwenye kiwanja chake baada ya miaka mingi, jirani akimkaribisha chai na kumwambia, kwa upole, kwamba nyumba iliungua. Usiku kitu kinakuja uani. Kinasimama penye msingi wa zamani. Kinainama, kinapapasa majivu ambayo hayako tena. Kisha anakohoa, naye mwanamke anakitambua kikohozi.