Kamba ni ya Kwetu

Msichana alijikwaa mara tatu mahali palepale. Sentensi ilikuwa ndefu: "Baba, mizinga yetu mitatu iliyokuwa imetundikwa kwenye ule mti mkubwa wa mtundu imeibwa, na mimi nina wasiwasi kwamba aliyeiba ni mtu wa ukoo wetu." Kila akifika "nina wasiwasi" pumzi inamwishia. Mwalimu, ambaye ndiye mtunzi wa igizo, hakumkemea. Aliiomba karatasi, akaiweka gotini, akakata, akaandika juu ya alichokata, akairudisha. Msichana akasoma: "Mizinga mitatu, baba. Na kamba waliyoshushia ni ya kwetu."

Kijana aliyekuwa anaigiza baba akasahau kwamba zamu ya kusema ni yake.

Ilikuwa Jumamosi, katika darasa moja mjini Mpanda, mkoani Katavi, waigizaji saba na mimi nimebanwa magoti kwenye dawati la nyuma. Maonyesho nimeyatazama mengi, lakini ufundi wenyewe wa utunzi sikuwahi kuuona kwa ukaribu huo. Lile neno "wasiwasi" lilikuwa linamfanyia mtazamaji kazi ambayo angependa kuifanya mwenyewe. Kamba haisemi nani kaiba. Lakini kwa watu wa Inyonga, mkoani humu, ambao wamekua wakiona mizinga ya magome ikipandishwa na kushushwa mitini, kamba ina mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Mtunzi aliondoa maelezo akabakiza kitu kinachoshikika. Na asingejua pa kukata kama mdomo wa mtu mwingine usingejikwaa pale. Usiku akiwa peke yake, aliniambia, sentensi ile aliisoma mara kumi na ikateleza vizuri tu.

Ndiyo sababu kambi za watunzi zinanivutia. Ni ule mpango wa kumchukua mtunzi chipukizi, kumpa chumba na chakula, na kumweka siku kadhaa pamoja na waigizaji na mwongozaji, bila tiketi wala jukwaa lililopambwa. Waterford, Marekani, Kituo cha Eugene O'Neill kimekuwa kikifanya hivyo tangu miaka ya 1960. Waigizaji husoma karatasi mkononi, mtunzi anasikiliza, usiku anaandika upya, kesho wanasoma kurasa mpya. Mtunzi August Wilson alikataliwa hapo mara kadhaa kabla ya kukubaliwa mwaka 1982 na tamthilia yake ya *Ma Rainey's Black Bottom*. Alifika na mswada mrefu kupita kiasi. Mwaka 1984 mswada huo ukawa jukwaani Broadway.

Kwetu, mwaka 2010, Taasisi ya Sundance ya Marekani iliweka kambi ya namna hiyo katika kisiwa cha Manda, ng'ambo kidogo ya mji wa Lamu, kwa ajili ya wasanii wa tamthilia wa Afrika Mashariki. Mganda Deborah Asiimwe, mtunzi mwenyewe, alikuwa miongoni mwa walioisimamia kazi hiyo, na tangu 2014 Kampala ina tamasha la kimataifa la tamthilia ambalo mkono wake umo.

Wafadhili wa kambi hizi hupenda kusema wanampa mtunzi muda na utulivu. Muda, sawa. Utulivu siuamini sana. Mwenye shida ya utulivu aje Katavi. Akaketi Ziwa Chada kiangazi, kama viboko watamruhusu. Anachokosa mtunzi wa Mpanda ni midomo: watu wazima wasio wanafunzi wake, wanaoweza kusoma kazi yake siku kumi mfululizo, wakajikwaa, wakauliza, wakachoka, wakarudia. Watunzi waliokulia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina Ebrahim Hussein na Penina Muhando, walikuwa na idara ya sanaa za maonyesho na watu wa kusoma mlangoni pao. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Lakini kutoka hapa hadi Bagamoyo unavuka nchi, na ukienda kwa treni, ni baada ya zile kilomita 210 za msitu hadi Kaliua ndipo kwanza unajiunga na reli ya kati.

Wapo waliougeuza mpango huu wa kambi juu chini, na hao ndio ninaowastahi zaidi. Mwaka 1982 na 1983, Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu walikwenda kijiji cha Malya, Kwimba, kutengeneza maonyesho pamoja na wanakijiji kutokana na matatizo yao wenyewe. Wenyeji wakawa watunzi. Kamiriithu, Kenya, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walipeleka mswada ambao Waswahili tunaujua kama *Nitaolewa Nikipenda*, mazoezi yakafanyika hadharani, na wanakijiji wakawa wanawasahihisha: mzee wa aina hii hazungumzi hivi. Serikali ililifunga onyesho kabla mwaka haujaisha. Ilijua kusikiliza.

Nilikuwa nayafikiria hayo pale mlinzi wa shule alipojitokeza dirishani. Sijui alisimama hapo tangu saa ngapi.

"Mwalimu, samahani. Nimesikia kijana anasema walikuja mchana."

"Shikamoo mzee. Ndiyo, mchana, watu wako shambani."

"Marahaba. Sasa asali ya nyuki hawa wetu nani anairina mchana? Ni usiku, baba, na moshi. Mchana watakumaliza."

Wanafunzi wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alitazama dari muda, kalamu mdomoni, kama anayehesabu hela. Akamshukuru mzee, akamwomba aingie aketi, mzee akakataa, ana geti.

"Kama ni usiku," mwalimu akasema, si kwa mtu, "basi hakuna aliyemwona."

Akarudi mwanzo wa mswada. Onyesho la kwanza lote lilikuwa la jirani anayepita njiani, akamwona mwizi uso kwa uso, akakimbia kwenda kusema. Kurasa mbili, na kijana aliyekuwa na sehemu hiyo alikuwa ameikariri yote. Mwalimu alimwangalia kwanza yule kijana. Kisha akazikata kurasa zote mbili kwa mstari mmoja wa mshazari, kutoka kona ya juu hadi chini.