Seremala, Chumvi na Mvule

Mji Mkongwe wa Unguja, uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukiwa umepakana na bahari. Dirisha likioza huko, mwenye nyumba hutaka litiwe la alumini yaishe. Seremala hodari hana haraka hiyo. Huanza kwa kuichokoa fremu kwa ncha ya patasi, pembe moja baada ya nyingine, aone inazama wapi.

Mara nyingi huzama chini tu, miimo inapokutana na kizingiti. Hapo ncha za mbao, zilipokatwa nyuzi, hunywa maji yaliyotuama. Juu mvule ungali mgumu, kwani ni mti unaowashinda mchwa kwa miaka mingi. Basi hukata kipande kilichooza kwa mshazari, akaunga kipya cha mvule uleule, nyuzi zikielekea upande mmoja, na ncha akazishibisha rangi kabla ya kuzifunga. Kiungo hicho kikishapakwa rangi hakuna atakayekiona, nacho kinastahili sifa kuliko nakshi zote za milangoni.

Alumini ina ubora wake: haipati kutu nyekundu, wala haidai rangi kila mara. Lakini chumvi huitoboa vidoti vidoti, na ikifungwa kwa skrubu za chuma cha kawaida, maji ya bahari huanzisha umeme mdogo kati ya metali hizo mbili. Alumini ndiyo huliwa. Ajabu ni kwamba uharibifu hushika kasi mahali palipositirika, chini ya upenu, kwa kuwa mvua haifiki kuosha chumvi. Anayeichagua sharti aioshe mwenyewe.

Cha kuogopwa zaidi ni nondo zilizozikwa ukutani. Chuma kikigeuka kutu huvimba, kikataka nafasi mara kadhaa ya ile ya awali, na jiwe la matumbawe haliwezi kukizuia. Ukuta hupasuka kuanzia pembe ya dirisha.

Ndiyo maana fundi wa kweli hubishania hata bawaba. Hutaka za shaba, kwani chuma kikilowa ndani ya mvule huacha michirizi myeusi. Mwisho, upande wa chini wa kizingiti cha nje, huchonga kijifereji chembamba toka ncha hadi ncha, ili maji yadondoke hapo yasirudi ukutani.