Ndizi za Karagwe Katika Sahani ya Dar

Vibanda vyenye kibao cha "Mapishi ya Kagera" au "Ndizi Bukoba" ni vingi Dar es Salaam, na vingi kati ya hivyo havina Kagera yoyote ndani ya sufuria. Ndizi zimetoka Tukuyu, karoti na nyanya zinaelea juu, na mara nyingine mpishi ametia tui la nazi. Si chakula kibaya. Ila mtu aliyekulia Nkwenda, Kaisho au Kayanga, huko Kagera, ataimaliza sahani hiyo na kuondoka na hamu ile ile aliyoingia nayo.

Kabla ya kuuliza kama chakula ni kizuri, uliza ni cha Kagera ipi. Wenye vibao hulipenda jina la Bukoba kwa sababu kila mtu analijua. Lakini Bukoba iko ufukweni mwa Ziwa Victoria, na meza yake ina samaki: sato, sangara, dagaa. Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi 2012, ziko mbali na ziwa hilo, kwenye vilima vya kuelekea Rwanda na Uganda. Huko kinachoandamana na ndizi ni maharage, na juu ya maharage ni samli, kwa maana ng'ombe wana historia ndefu kwa Wanyambo, wenyeji wa huko. Mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwaka 1861, moja ya mambo yaliyomshangaza ni wanawake wa ukoo wa kifalme walionenepeshwa kwa kunyweshwa maziwa. Kwa hiyo ukikaa, muulize mpishi, "Mama, kwenu ni upande gani?" Akisema Muleba au Bukoba, agiza samaki wake na umwamini. Akisema Karagwe, mwulize habari ya maharage. Anayejinadi kwa Karagwe kisha akakupendekezea mtori amekwisha kujieleza. Huo ni wa Wachaga, na Moshi wanaupika vizuri zaidi.

Sasa ndizi yenyewe, maana hapa ndipo penye kazi. Ndizi za kupika za Kagera ni jamii ya nyanda za juu, na zina majina mengi ambayo mwenyeji huyataja bila kufikiri: entobe, enchoncho, enyoya, enshakala. Huhitaji kuyakariri. Tazama rangi baada ya kuiva jikoni: ndizi ya kweli hugeuka njano, laini kote hadi katikati, na ukiibana kwa vidole inakubali bila kuwa uji. Ikibaki nyeupe-nyeupe na ngumu katikati, ni aina nyingine, au ilikatwa kabla ya kukomaa. Ikiwa na utamu wa sukari, ilianza kuiva njiani. Kutoka Karagwe hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,000 za lami, na mkungu uliolala siku kadhaa stendi na siku nyingine sokoni hauwezi kuificha safari yake.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata wenyeji. Tangu miaka ya 1990 Kagera ilipokea migomba ya FHIA, iliyozalishwa na watafiti wa Honduras, kwa sababu ilihimili magonjwa na wadudu waliokuwa wakimaliza mashamba. Mikungu yake ni mikubwa ajabu na imeokoa kaya nyingi. Sufuriani, hata hivyo, wapishi wengi huiona duni kwa migomba ya asili. Kwa hiyo "hizi zimetoka kwetu kabisa" si jibu la kutosha. Mpishi anayejua kazi atakwambia na aina yake, na kama ni FHIA atakwambia kwa sauti ya chini.

Njia ya kupika ni rahisi mno, na urahisi huo ndio unaowashinda wengi. Maharage huchemshwa kwanza hadi yakaribie kuiva, mchuzi wake ukiwa mzito. Ndizi humenywa kwa kisu na kutumbukizwa kwenye maji ili utomvu usizitie weusi, kisha hupangwa nzima juu ya maharage. Chumvi, kitunguu, labda nyanya chungu. Sufuria hufunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa kwenye moto mdogo. Mvuke ndio unaofanya kazi. Samli huja mwishoni. Waganda huziponda ndizi zao zikiwa ndani ya majani. Karagwe huletwa mezani zikiwa nzima, kwa hiyo sahani ya ndizi zilizopondwa imevuka mpaka wa Murongo kutoka ng'ambo. Viungo vya pakiti sivitaki kabisa. Harufu ya pilipili manga ikikupokea mlangoni, geuka.

Samli iombe kwanza kwenye kijiko. Iliyo nzuri ina harufu ya maziwa na moshi kidogo. Iliyochacha inakwaruza koo. Mahali pengi pa Dar hutumia mafuta ya alizeti na kuchaji bei ya samli, na hilo halina utetezi.

Saa nayo ina neno. Ndizi hizi zikipoa hukakamaa, na mpishi mvivu huzikaanga upya alasiri. Utaziona kingo zimekauka na zinang'aa mafuta. Kule Karagwe kiporo cha kukaanga ni chai nzuri ya asubuhi, lakini hakiuzwi kwa bei ya chakula cha mchana.

Senene, wale panzi wa kuliwa, sitawaweka kwenye mizani hii kwa muda mrefu. Msimu wao mkubwa ni Novemba na Desemba. Wanaouzwa nje ya hapo mara nyingi ni waliokaushwa, jambo lisilo na ubaya kama hawajaanza kunuka mafuta ya zamani. Kahawa ya kutafuna ni kipimo bora zaidi: punje za robusta zilizochemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa. Mgahawa unaokuletea mbili tatu baada ya chakula bila kuombwa una mwenyewe aliyelelewa kwa utaratibu huo.

Utaupata wapi? Anzia njia ambayo chakula kinaingilia. Mabasi ya Kagera hushusha abiria na vifurushi kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na mikungu iliyotumwa na ndugu hupita hapo kabla ya kufika sokoni Mabibo. Waulize wanaokuja kuchukua mizigo hiyo, hasa mama mwenye mikungu mitatu kwa mara moja. Huyo halishi familia peke yake. Usidharau kibanda kisicho na kibao. Anayepikia madereva wa kwao hana haja ya kujitangaza.

Ukimpata, fika kabla ya saa saba mchana, ule kwa mkono, na wakikwambia ndizi za Karagwe zimeisha lakini zipo nyingine, shukuru, agiza chai, urudi kesho.