Picha za Misimu ya Songwe
Mji wa Tunduma mkoani Songwe hujulikana kwa malori ya mpakani, lakini mpiga picha wa mashamba ya mkoa huo anastahili pongezi kwa subira yake. Kabla ya mvua za Novemba, miti ya miombo huchipua majani mekundu kama shaba, na vumbi la kiangazi hulainisha jua la jioni. Kisha huja kahawa ya Mbozi: siku chache baada ya mvua ya kwanza, vichala vyeupe vya maua hufunguka matawini vikinukia kama asmini, na baada ya siku mbili tatu hugeuka kahawia. Aliyechelewa husubiri mwakani. Weupe huo huungua kwenye picha ya saa sita mchana, hivyo kamera hutolewa alfajiri, umande ungalipo. Alizeti huja baadaye, tena hazina haraka.