Amana ya Santuri

Anayeuza kitu alichokipenda hana haraka ya kupokea fedha, na jambo hili lilinidhihirikia Unguja, katika nyumba moja ya Malindi, nilipokwenda kununua gramafoni kwa mzee ambaye sehemu kubwa ya umri wake aliitumia kukusanya santuri na kuzitunza. Chombo chenyewe kilikuwa cha His Master's Voice, aina ya 101, ambayo Waingereza walianza kuiuza mwaka 1925: kisanduku cheusi chenye mpini, pembe yake imefichwa ndani. Bei tulipatana kabla kahawa haijapoa. Alasiri yote iliyobaki ilikuwa ya mafunzo.

Alinionyesha jinsi ya kuijaza kamani taratibu na kuuachia mkono pale inapoanza kukaza, kwani kamani ikilazimishwa hukatika; kisha akakiinua kichwa cha sauti dirishani, ili nikione kiwambo chake cha ulanga, chembamba hata nuru yapenya, ambacho hutetemeshwa na sindano na kuirudisha sauti ya binadamu pasipo umeme wowote. Akaweka kipande cha karatasi chini ya santuri, ncha yake ikachomoza ukingoni, akazihesabu duru zake huku akiitazama saa, na akaugeuza msumari wa mwendo kidogo kidogo hata zikatimia 78 kwa dakika, maana zikipungua mwimbaji huwa kama mgonjwa. Sindano, alisema, ni ya upande mmoja tu, kwa kuwa chuma kilicholika huichimba mifereji na kuyafuta yaliyomo. "Usiifanyie choyo sindano, mwanangu," aliniambia, "sauti haina duka."

Santuri aliyoichagua ilikuwa ya Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari pamoja na wenziwe hadi Bombay kunasiwa nyimbo zake, na kwa safari hiyo Kiswahili cha Unguja kikaingia katika nyumba za watu ambao hawakupata kumwona. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 hauchukui zaidi ya kiasi cha dakika 3. Basi wasanii waliozoea kuimba usiku kucha, beti zikirudiwa kwa kadiri ya raha ya wasikilizaji, ilibidi waufupishe wimbo bila ya kuudhili. Huo nao ni ustadi, na sijui kama tunauenzi ipasavyo.

Leo vyombo vya muziki hutoka viwandani vimegandishwa kwa gundi, asiweze fundi kuvifungua, na anayeviuza aghalabu hajui kilichomo ndani wala haoni haya kutojua. Gramafoni nazo nimeziona zikipamba kumbi za hoteli, pembe zinang'aa, kamani zimekatika, na wapitao hupiga picha wakaenda zao. Naam, wapo vijana wamsikilizao Siti katika simu zao, nami nalifurahia hilo kwa dhati. Lakini santuri zenyewe, zilizotengenezwa kwa lakri na kuletwa kwa meli kutoka Bara Hindi, zaendelea kupasuka katika masanduku ya warithi wasiozijali, na miongoni mwazo zimo nyimbo za waimbaji wadogo ambazo huenda hazikupata kunakiliwa popote.